Matundu Mawili ya Kantina

Jumapili ya mwezi wa Juni, huku kwetu mashariki mwa mji wa Thunder Bay, Kanada, huwa hivi: misa imekwisha, madirisha yako wazi, na kila jiko linanukia vitunguu na jibini inayokaangwa. Mama Livio, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa na desturi ya kukaa kwenye ngazi za baraza yake akimenya maharage mabichi, mgongo ameuegemeza ukutani. Ukuta ulikuwa wa matofali mekundu, na ukishapigwa na jua la mchana hubaki na joto mpaka jioni. Alikuwa akisema lile ni joto la marehemu Duilio, mumewe, aliyeijenga nyumba. Nilimwacha aseme hivyo, ingawa nusu ya matofali yale niliyapanga mimi.

Naitwa Gelindo. Nimekuwa muashi kwa miaka arobaini na mbili, na magoti yangu ni ushahidi tosha. Ninayosema nawaambia ninyi ndugu zangu wa mtaa, mnaokutana pale ukumbini kucheza karata, na kupitia kwenu nawaambia watoto wenu walio mbali. Siji kumwaibisha mtu. Waliokosa wanajijua, na mmoja wao ni mimi.

Mama Livio, au Ersilia kwa jina lake la ubatizo, alikuwa na mtoto mmoja tu. Livio aliondoka kwenda Toronto zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akapata kazi nzuri ya ofisini, mke, na mabinti wawili. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake, na tangu hapo miaka minne ilikuwa imepita. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, hilo silikatai. Lakini mama yule alikuwa na macho njiani kila siku. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, pazia la jikoni linafunuka. Kisha linarudi taratibu, nami kule ng'ambo najifanya nasoma gazeti.

Sasa, nyumba ya matofali matupu, huku kwetu, kipindi cha baridi ni mateso. Januari ile barafu iliota ndani ya chumba chake cha kulala, nyuma ya kabati, nene kama kidole. Niliiona mwenyewe, alikuwa ameniita nilisogeze. Livio akapiga simu nikiwa palepale, na mama akaiweka kwa sauti.

"Nyumba ina baridi, mwanangu. Barafu imeota ukutani."

"Umepandisha hita?"

"Nimepandisha. Ukuta wenyewe ndio unaoleta baridi. Njoo uone."

"Sina haja ya kuja kuona, mama, tatizo nalijua. Matofali hayana kitu cha kuyakinga. Nitakutumia mafundi waizungushie nyumba povu gumu kwa nje, juu yake wapige mabamba. Utapata joto mpaka unisahau."

"Sitaki kukusahau."

Livio akacheka. "Ni maneno tu hayo, mama."

Alipokata simu, mama alibaki ameishika mkononi. Nikamwambia kijana anamjali, si haba. Akasema, "Ananijali. Nilitaka aje tu."

Mafundi walifika Juni, na Livio hakuja. Msimamizi wao aliitwa Wade, mtu mpole, mwenye kofia iliyofifia rangi. Nilitoa kiti changu nje nikakaa nitafute kosa lao, na haki ya Mungu sikulipata. Walibandika vipande vya povu vyenye unene wa inchi nne moja kwa moja juu ya matofali, wakaziba viungo kwa utepe. Kisha wakasimamisha papi za mbao na kuzikaza kwa skrubu ndefu mpaka ndani ya tofali, na juu ya papi wakapiga mabamba ya kijivu. Madirisha yote yakaonekana yameingia ndani. Ilikuwa kazi safi.

Siku walipofika upande wa mbele, Mama Livio alitoka akaweka kiganja kwenye tofali moja karibu na mlango, akakaa nacho hapo kitambo.

Nikamchokoza. "Mama Livio, unavalishwa kama bibi harusi wa mara ya pili."

"Wivu huo, Gelindo. Nyumba yako inatetemeka kwa baridi."

"Yangu inaonyesha matofali yake. Haina la kuficha."

"Na ya kwangu hayaendi popote. Yamevaa koti tu." Akaondoa mkono, akaingia ndani.

Naomba hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Chini ya baraza Duilio alichimba kantina, chumba cha divai, kama tulivyofanya wote. Mnajua tulivyo, nyumba haijaezekwa lakini kantina tayari. Kila Oktoba zabibu zikija kwa lori kutoka California, humo ndimo divai ilimotengenezwa. Na divai inapochachuka hutoa hewa isiyoonekana. Ni nzito, hujikusanya sakafuni na kupanda polepole, na anayeivuta nyingi huanguka hata kabla hajaita mtu. Kule kijijini kwetu Friuli, Italia, kila ukoo una mtu wake aliyekufa hivyo. Kwa hiyo Duilio alipitisha mabomba mawili ya udongo ukutani, upande ambao ardhi inashuka: moja karibu na sakafu la kutolea hewa nzito, jingine juu la kuingizia hewa safi. Aliyapinda katikati ili theluji na panya wasiingie, hivyo ukiwa ndani huoni mwanga hata kidogo. Wakati wa baridi yalizibwa kwa ndani na matambara. Kabla ya zabibu kusagwa, matambara yanatolewa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Livio. Aliianza akiwa na miaka saba, akaifanya mpaka anaondoka. Duilio hakugusa hata zabibu moja kabla hajasikia sauti kutoka chini ikisema, "Yako wazi!" Naye hujibu, "Haya, leteni zabibu." Mama Livio aliniambia mara nyingi kwamba katika nyumba ile hakuna alichokikosa kuliko sauti hiyo.

Palikuwa na sharti la pili. Divai ikiwa inachachuka, hakuna kushuka peke yako. Mmoja anashuka na mshumaa, ameushika chini usawa wa magoti. Mwingine anasimama juu ya ngazi. Mshumaa ukizimika, aliye chini anapanda, hakuna maswali. Alipokufa Duilio, aliyekuwa akisimama juu ya ngazi ni mimi.

Basi Wade alipofika upande ule, akakuta midomo ya mabomba mawili imezibwa kwa wavu wenye kutu. Akaweka mkono, hakuna hewa, maana matambara yalikuwemo ndani. Akaja kuuliza kama muungwana.

"Mama, yale mabomba mawili kule chini yana kazi gani?"

Mama Livio alimwelewa vizuri sana. Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kujibu. Akanikanyaga mguu.

"Muulize mwanangu," akasema. "Yeye ndiye anayejua."

Wade alipokwenda zake nikamgeukia. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nyamaza. Akiulizwa atakumbuka. Akikumbuka atakuja kuyaangalia mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Basi atanipigia simu. Siku ya kazi, Gelindo, si Jumapili. Hilo nalo si dogo." Macho yalikuwa yanamng'aa. Nami sikumfuata Wade kumweleza.

Wade alimpigia Livio mchana ule. Aliyojibu tuliyajua baadaye sana. Alikuwa kwenye kikao, akatoka mlangoni, akasikia neno mabomba na neno zamani, akasema, "Hayo hayatumiki tena. Zibeni tu." Akarudi kikaoni. Wala hakumpigia mama yake.

Kesho yake nilimpeleka Mama Livio kwa daktari wa macho. Tuliporudi, upande ule ulikuwa umekwisha, na vyungu vyake vya maua vimerudishwa chini ya ukuta kwa mstari ulionyooka. Wade akatupungia mkono. "Nimezungumza na mwanao, mama. Amesema hakuna shida."

Ndugu zangu, mtu husikia anachokitaka. Sisi tulisikia kwamba Livio amekumbuka, na ameelekeza namna ya kuyaacha wazi. Wiki nzima mama yule alitembea kama aliyeokota kitu. "Umeona? Hakusahau," aliniambia mara tatu. Kutoka kiti changu mpaka nyuma ya vile vyungu ni hatua arobaini. Mimi, muashi mzima, sikuzipiga.

Ilipofika Oktoba Livio aliahidi kuja kwa sikukuu ya shukrani. Aliahidi kwa kinywa chake, nilimsikia. Mama alitangaza kanisani, akatangaza kwa muuza nyama, akatandika kitanda cha kijana wake kwa shuka mpya. Zabibu zilikuja mapema. Tukaziacha kwenye gereji siku nne zikimngoja, mpaka vijidudu vikaanza kuzizunguka, na Jumanne nikasema hazingoji tena. Alishuka mwenyewe kutoa matambara. Nilimsikia kule chini amesimama kimya, kisha akasema taratibu, kama anayejaribu nguo ya mtu mwingine, "Yako wazi." Nikajibu, "Haya, leteni zabibu." Hatukutazamana.

Divai ilianza kuchemka siku ya pili. Mara mbili kwa siku alishuka kuzamisha maganda yanayoelea juu ya pipa, nami nasimama ngazini. Ijumaa na Jumamosi mshumaa ulififia bila kuzimika, na pua yangu ilichoma kidogo pale juu. Nikasema, "Mwaka huu divai ina nguvu." Hayo ndiyo niliyosema.

Jumapili asubuhi, mlangoni mwa kanisa, Mama Livio akanishika mkono. Alikuwa amevaa gauni la bluu. "Leo umepumzika. Livio anafika saa nne. Atasimama yeye."

"Nikaribie kumsalimu?"

"Uje saa tisa. Kwanza nimle kwa macho peke yangu."

Nikaenda zangu ukumbini kucheza karata, na nilikuwa nashinda.

Saa nne, badala ya gari, ilikuja simu. Livio mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa ameinamisha kichwa. Alimwambia mama yake wamealikwa ziwani na wakwe zake, watoto wamefurahi, asingeweza kuwavunja moyo. Wiki ijayo, bila kukosa. Mama akajibu, "Sawa, mwanangu. Wasalimie." Hakumwambia habari ya maganda wala ya ngazi.

Mimi pia hakuniita. Namba yangu anaijua kwa kichwa. Ila kuniita kungekuwa kukiri kwamba Livio hakuja, na asubuhi ile ile alikuwa amewaambia watu wote. Nafikiri pia kwamba aliendelea kumngoja, hata baada ya kuambiwa. Maganda hutakiwa kuzamishwa adhuhuri. Yeye alikaa mpaka karibu saa tisa.

Nilifika na chupa yangu mkononi. Mlango haukufungwa. Ndani kulikuwa na joto zuri, nyumba ile haijawahi kuwa na joto kama lile. Mezani kulikuwa na sahani mbili safi, na jibini iliyokaangwa na viazi imepoa kwenye kikaango. Nikaita. Mlango wa kantina ulikuwa wazi na taa inawaka kule chini.

Kwenye kidato cha nne cha ngazi, kutoka juu, palikuwa na mshumaa, nta yake bado laini, na njiti tatu za kiberiti zilizoungua nusu. Alikuwa ameuwasha, ukazimika. Akauwasha tena. Kichwa chake kilikuwa kinajua sharti la mshumaa tangu utoto, lakini siku ile kilikuwa na jambo jingine: mabomba yako wazi, Livio amesema hakuna shida, basi ni upepo tu unaopuliza. Hivyo ndivyo ninavyozisoma njiti zile, na sijapata kuzisoma vingine.

Alikuwa amelala chini ya ngazi, kichwa juu ya kidato cha pili kutoka sakafuni, mkono umeelekea juu. Nilishuka vidato sita, magoti yakalegea na kichwa kikazunguka, nikarudi kwa kutambaa. Nikapiga simu. Wazimamoto walikuja upesi na mitungi yao ya hewa. Muda wote wakimtoa nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, mahali pangu, nikiwa nimechelewa.

Jioni ile ile Livio alifika. Siku hiyo ndege ilipatikana.

Asubuhi tuliondoka hospitali tukaenda nyumbani, akataka kuona. Alivuta vyungu vya maua, akapiga magoti, akapapasa yale mabamba ya kijivu kutoka pembe hadi pembe.

"Yako wapi?"

"Ulisema yazibwe."

Akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na suruali yake nzuri. "Nilikuwa kwenye kikao," akasema. "Nilijibu bila kusikiliza. Baba Gelindo, mimi ndiye niliyekuwa nayafungua. Mimi. Ningewezaje kusahau?"

Nilimletea msumeno wangu. Akakata mwenyewe, kwa mikono ya mtu wa ofisini, akapasua mabamba na kuchimba povu inchi nne mpaka tofali la baba yake likaonekana, jekundu vilevile, na midomo ya mabomba katikati. Matundu yalitoka kombo kabisa. Kisha akainama kwenye bomba la chini, na nikasikia anasema kwa sauti ndogo, "Yako wazi." Palikuwa na jibu lake, na mimi nilikuwa nalijua. Nikainama nikaokota vipande vya povu.

Mama Livio hakufa. Madaktari walisema kichwa chake kilikosa hewa muda mrefu mno. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale karibu na mto. Anakula, anatembea akishikwa mkono, anajua majina ya watakatifu wote. Livio amehamia nyumba ya mama yake na anafanya kazi kwa kompyuta akiwa jikoni. Mke na watoto huja likizo. Haipiti siku asiende kumwona mama. Mara nyingi tunakwenda pamoja.

Juzi tulimkuta dirishani, amevaa gauni la bluu, amefunua pazia. Livio akavuta kiti, akamfunika magoti kwa blanketi.

"Ahsante, bwana," mama akamwambia. "Wewe ni mtu mwema. Una mama?"

"Ninaye."

"Umtembelee." Akageuka tena dirishani. "Mimi mwanangu anakuja Jumapili. Anafika saa nne."

Livio akalinyoosha blanketi. "Ndiyo, mama. Anakuja."

"Hakusahau," akasema Mama Livio, na akaendelea kutazama barabara.

Funzo

Sisemi watu wasizikinge nyumba zao na baridi. Mwaka huu nami nimeivalisha ya kwangu, na nimelala bila soksi kwa mara ya kwanza tangu nihamie nchi hii. Lakini kabla hujafunika ukuta wa zamani, uzunguke kwa miguu yako. Kila tundu utakalolikuta, muulize aliyelitoboa, na kama amekufa, muulize anayeishi humo. Ukishapata jibu usiondoke mpaka umeliona kwa macho.

Kwenu ninyi watoto mlio mbali: mnatuma mafundi, mnatuma vitu vizuri, tunavipokea na tunawashukuru. Hakuna hata kimoja kinachoweza kusimama juu ya ngazi. Mzazi akikuambia njoo uone, kaa ukijua kwamba anachotaka uone si ukuta. Nenda angali anakufahamu.

Kwetu sisi wazee: tuseme. Kama tunataka mtoto aje, tumwambie aje, tusimfiche jibu ili tusikie sauti yake. Na asipokuja, si aibu yetu kumwita jirani.

Na kwa majirani, nikiwemo mimi: hatua arobaini si safari. Siku hizi nazipiga kila asubuhi. Navisogeza vile vyungu, naweka mkono kwenye matundu yale mawili yaliyokatwa kombo, nasikia hewa inapita, halafu narudi zangu nyumbani.